Jumanne Sita za Bibi Yako

Makomeno, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Monika mwanangu,

Nimechoka na watu wanaokuja hapa kuniambia kwamba bibi yako alikuwa mtakatifu. Jana mama Tereza wa jirani alikaa kwenye kiti changu saa nzima, anajifuta machozi kwa kikwembe changu cha kujifunga, anasema bibi yako, Kambo Yuliana, hakumkosea mtu duniani. Nikamwongezea chai kwa adabu. Lakini wewe ulilala naye chumba kimoja miaka saba, unamjua. Mtakatifu gani anamwita padri mara tatu aje kumpaka mafuta ya mwisho, na mara zote tatu, padri akishatoka tu, anauliza kama wamembakizia bukari na mboga?

Kesho saa kumi na mbili asubuhi unapanda lori la Mokambo, uvuke mpaka, uende kusomea uuguzi kwenye lopitalo ya misheni huko ng'ambo. Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya kujibu kwa ufupi ukiulizwa na watu wa forodha, baba yako amekwisha kukuambia mara mia na mimi nimechoka kumsikiliza. Sitayaandika. Ninaandika jambo lililonishinda kulisema kwa mdomo miezi minne, tukiwa nyumba moja, tunapishana mlangoni kama wapangaji wasiojuana. Sasa hivi umekwenda Katuba kumuaga mama yako wa ubatizo. Najua atakuchelewesha, hajawahi kumwachia mgeni kabla hajamlisha mara mbili. Basi nina mchana huu.

Ugonjwa wa bibi yako ulianzia kwenye viatu. Ulikuwa na mambo yako ya shule, labda hukumbuki. Alitengenezewa viatu vya Pasaka, na siku ya Pasaka yenyewe havikuingia. Alimfuata fundi mpaka sokoni akamgombeza mbele ya watu kwamba ni mwizi wa ngozi. Fundi maskini akapima tena, akatengeneza vingine. Navyo baada ya majuma matatu vikakataa. Ndipo nilipomlazimisha tuende dispanseri kwa munganga mzungu, naye akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale kama kwenye unga wa kukanda. Akasema moyo umechoka, maji yanabaki mwilini. Akatoa amri mbili: asionje chumvi tena, na kila Jumanne aje kupigwa sindano ya kuyatoa yale maji.

Mbele ya munganga bibi yako aliitika kila neno, ndiyo munganga, asante munganga. Tulipofika nje akaniambia, "Chakula bila chumvi ni chakula ya bale balikufa. Miye siko mufu."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa vita vyetu vya miaka mitatu. Nilipika vyungu viwili, cha kwake na cha kwetu. Nikigeuka, anachovya kwenye cha kwetu. Niliificha chumvi juu ya kabati, akamwagiza baba yako aishushe, na baba yako, mtu mzima anayeongoza garimoshi, hakuweza kumkatalia mama yake. Niliifungia kwenye sanduku. Akaanza kuomba kwa majirani, anawaambia mkamwana wake anamnyima. Mama Tereza huyu huyu wa machozi alikuwa akimletea samaki wakavu wenye chumvi waliofungwa kwenye gazeti, eti ni samaki wa kwao, wa ziwani, wanamkumbusha nyumbani. Nilikuwa nikiingia chumbani mwenu nakagua pindo za nguo zake kama askari wa forodha. Nikikuta fundo la chumvi, namwaga. Ananitazama tu, kisha anasema atakufa Jumamosi. Jumamosi inafika, anaamka, anataka chai.

Mwanangu, kuuguza si kazi ya malaika kama masista wanavyowafundisha. Siku nyingine nilimchukia. Nilimwinua kitandani huku nimeuma meno, nikafua mashuka yake huku nikimsema moyoni kwa Kiluba ili asinisikie, na nadhani alinisikia. Ukikutana huko na mtu anayemuuguza mama yake kwa uso wa hasira, usiharakishe kumhukumu. Huenda yeye ndiye ameamka usiku kucha, na wale wenye uso mzuri wamekuja kwa nusu saa.

Lakini kuna jambo moja sijakuambia. Nilipoolewa na baba yako, kwetu hawakutaka. Sisi ni watu wa Kasai, baba yangu alikuja huku kuwa karani, na mtu wa Kasai aliyesoma hakuona sababu ya kumtoa binti yake kwa Mutabwa wa ziwani anayechochea makaa ya garimoshi. Kwa hiyo nilipompoteza mtoto wangu wa kwanza, kabla yako, mama yangu hakuja. Alituma maneno tu, na afadhali asingetuma. Bibi yako wakati ule alikuwa kwao Moba. Hakuna aliyemwita. Siku moja niko ndani, dirisha limefungwa, nasikia mtu anagombana na kuku wetu uani. Ni yeye, na mzigo kichwani, ametoka kule ziwani kwa malori na kwa treni peke yake. Hakuniuliza lolote juu ya mtoto. Aliingia, akafungua dirisha, akapika. Alikaa miezi kumi na mmoja. Kila asubuhi alifungua lile dirisha, na kila asubuhi nililifunga, mpaka siku niliyochoka kulifunga.

Ndiyo maana sikuondoka mwaka ule Katanga ilipojitenga na watu wa Kasai tukaanza kuitwa wageni katika mji tuliozaliwa. Unakumbuka wajomba zako walivyokwenda kwenye ile kambi ya mahema, chini ya ulinzi wa askari wa kofia za buluu, kisha wakapandishwa treni kurudishwa Kasai ambako wengine wao hawakuwahi kufika. Walinitumia mtu mara mbili: chukua mtoto, njoo. Watu wanasema nilibaki kwa kumpenda mume. Baba yako anasema hivyo pia, na simkatazi. Ukweli ni kwamba bibi yako hakuweza kupanda treni tena, na sikujua nani angempikia chungu chake.

Wewe ulikuwa shuleni siku vijana wa hapa Katanga walipokuja kukagua nyumba za watu wa Kasai. Walikuwa watano, na marungu. Bibi yako alikuwa amekaa mlangoni, miguu ndani ya karai la maji, imevimba kama mihogo. Waliniulizia kwa jina langu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nasikia kila kitu. Akawaambia, "Ule muko natafuta haiko hapa. Humu muko mutoto wangu. Miye njo nilimuzaa." Mmoja akasema wanamjua mwanawe, ni mwanamume, yuko kwenye reli. Akajibu kwamba tumbo lake lilizaa zaidi ya mara moja, na kama wanataka kulikagua wamsaidie kusimama. Hawakumsaidia. Walikaa kidogo, wakacheka kwa aibu, wakaenda kwa jirani.

Alidanganya kwa ajili yangu huku amekalia kiti, hawezi hata kuinuka peke yake. Likumbuke hilo, kwa sababu sasa nafika mahali ninapopaogopa.

Zile safari za Jumanne unazijua. Nilimkalisha nyuma ya kinga, ile baiskeli ya baba yako, miguu imefungwa kwa kitambaa isiguse magurudumu, mimi nasukuma. Kwenda peke yake ni robo tatu ya saa kwa mtu mwenye haraka. Kwetu ilikuwa saa mbili, maana lazima amsalimu kila mtu, aulize bei ya mboga za lengalenga asizonunua, anisimamishe nimtazamie kama yule anayevuka ni fulani au si fulani. Nilikuwa nafika dispanseri jasho linanitoka, nimekasirika, na yeye amechangamka kama aliyetoka harusini.

Kisha wakaweka bariyeri pale barabara inapopita chini ya reli, magogo na mapipa, na askari. Jumanne ile walipoanza, askari mmoja alichukua karte yangu ya kitambulisho, akaisoma polepole, akaniuliza, "Weye uko muntu wa wapi?" Imeandikwa, nami nikamwambia. Akanisimamisha juani kando, karte mkononi mwake, anawapitisha wengine. Bibi yako alianza kumgombeza kutoka juu ya kinga, kwamba ana mjukuu mkubwa kuliko yeye, kwamba hana mama. Nilitamani anyamaze. Niliishika kinga kwa mikono miwili. Mwishowe yule askari alinirudishia karte, akasema bila hasira, kama anayenionea huruma, "Mara ingine usipite hapa."

Jumanne iliyofuata sikwenda.

Baba yako alirudi Jumapili kutoka Kolwezi, akauliza habari za sindano. Nilikuwa nakoroga bukari. Nikamwambia mama yake amekataa, anasema sindano inauma. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilitoka tu, jepesi, kwa sababu kila mtu alijua jinsi alivyo mbishi na hakuna ambaye angeshangaa. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Baba yako akamfuata kumbembeleza, na mimi nikasimama na mwiko mkononi, nangoja bibi yako aseme kwamba mkeo ni mwongo. Akasema, "Ndiyo, nilikatala. Ile sindano inanichosha."

Yule mwanamke aliyekuwa akibishana nami juu ya kila kitu, juu ya chumvi, juu ya kuku, juu ya namna ya kukunja shuka, siku hiyo hakubisha.

Nikakosa kumpeleka Jumanne ya pili, ya tatu, ya nne. Wewe ulikuja kuniomba umsukume mwenyewe, unakumbuka? Nikakufokea. Nilisema bibi yako amekataa, usimsumbue mgonjwa. Niliogopa kukutuma, maana karte yako ina jina la baba yako lakini uso ni wangu. Hofu hiyo siionei haya. Ninayoionea haya ni ile nyingine. Jumanne ya tano asubuhi nilikuwa namkanda miguu, akaniuliza taratibu, "Bale baaskari bangali kule?"

Nikamwambia, "Bangali."

Akasema, "Basi, tubakie."

Monika, sikuwa nimekwenda kuangalia. Bariyeri ilikuwa imeondolewa tangu juma lile lililopita. Mama mmoja wa sokoni alikuwa ameniambia na nikajifanya sikumsikia vizuri. Ningetembea dakika ishirini ningeona kwa macho yangu. Nilijibu "bangali" kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuzoea kutokwenda. Jumanne ya sita nayo ikapita hivyo hivyo.

Tulipokwenda hatimaye, alikuwa hawezi kulala chini, analala amekaa. Munganga mzungu alikuwa amekimbia na familia yake. Alibaki mwuguzi mmoja, mtu mpole, akampiga sindano, akamsikiliza kifua, akaniuliza amekosa mara ngapi. Bibi yako akajibu kabla yangu, kwamba yeye ni kichwa kigumu. Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Mwenyewe ulimwona. Safari hii hakumwita padri, ilibidi tumwite sisi.

Siku ya pili ya kilio ndipo nilipotoa matandiko yake nje, nikakuta chini ya godoro kile kikopo chako cha mafuta ya nywele, kimejaa chumvi. Shangazi zako wamekaa kwenye mkeka, mama Tereza yuko, wanawake wa kanisani wako, wanaulizana kwa sauti ya chini imekuwaje, mbona alikuwa anaendelea vizuri. Na mimi nikakiinua kile kikopo mbele yao wote nikasema, "Mumuulize Monika."

Neno hilo moja tu. Nimelirudia kichwani kila siku tangu pale. Ulinitazama, hukulia, hukujitetea. Uliinuka ukaenda kuosha vyombo. Nami, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi sana nilipumua, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Tangu siku hiyo unajipakulia mboga yako kabla sijaweka chumvi. Unadhani sioni. Miezi minne unakula mboga ya sombe chapwa, unameza kama dawa, husemi neno. Baba yako anadhani ni tumbo. Mara ngapi nimetaka kukunyang'anya lile bakuli nikuambie ukweli, na mara ngapi badala yake nimekugombeza juu ya fagio, juu ya taa, juu ya kitu chochote kilichokuwa karibu. Unanichosha kwa ukimya wako, mwanangu. Umeurithi kwa nani, sijui. Si kwangu, na hakika si kwa bibi yako.

Juma lililopita nilirudi kwa yule mwuguzi. Nilimweleza yote, chumvi na Jumanne, nikamwomba aniambie bila kunihurumia. Akasema chumvi ile haikumsaidia, hawezi kunidanganya, lakini mgonjwa aliyekuwa akiiba chumvi miaka mitatu na kuishi, alikuwa akiishi kwa sindano. Akasema moyo ule haukuwa na miaka mingi mbele hata hivyo. Hilo la mwisho sikuliomba, nadhani aliliongeza kwa wema.

Kwa hiyo si wewe. Nimeliandika, lisome mara mbili. Ulimpa bibi yako chumvi kwa sababu aliomba na wewe ulimpenda, na baba yako alifanya hivyo, na mama Tereza alifanya hivyo, na mimi mwenyewe ile Noeli ya mwisho nilimtilia kidogo kwenye kuku, akaijua ladha yake, akafumba macho. Niliyemkosesha sindano ni mimi. Niliyesema amekataa ni mimi.

Unakwenda kuwa mwuguzi. Utaletewa wagonjwa walionyamaza, na pembeni mtu mwenye afya atakuambia kwamba mama huyu amekataa dawa, mzee huyu hataki kula. Mtoe nje yule mwenye afya, kwa upole, halafu muulize mgonjwa. Akikuambia naye kwamba ni kweli amekataa, muulize tena. Zaidi ya hilo sina la kukufundisha, na hata hilo nimelipata kwa bei ambayo si mimi niliyeilipa.

Leo asubuhi nimemwambia baba yako. Alikuwa anakaza mkanda wa sanduku lako. Nilianza na Jumanne ya kwanza nikaenda mpaka ya sita, na yeye anaendelea kukaza ule mkanda mpaka nikadhani utakatika. Kisha akaondoka bila kofia. Alirudi saa sita, akanawa, akala, hakunitazama. Alipomaliza akasema, "Umuambie mutoto mbele ya kuenda." Sijui kesho atasemaje, wala mwaka kesho. Jumapili baada ya misa nitawaendea shangazi zako, na wale wanawake wa kanisani, na mama Tereza nikimweka wa kwanza, nikaseme mbele yao nililopaswa kusema siku ile kwenye mkeka. Wakiacha kunisalimu, na waache.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, kati ya magauni, uikute huko ng'ambo nami niko mbali, salama. Nimeandika kurasa zote hizi nikiwa na nia hiyo. Lakini ndiyo mchezo wangu ule ule, kubaki nyumbani na kuacha mambo yaende bila kuyatazama.

Nasikia sauti yako kwenye lango, unaongea na mama Tereza. Sijafunga barua wala sitaifunga. Ingia, mwanangu, kaa hapa mezani, usome yote nikiwa nimekaa mbele yako. Ukimaliza, useme unachotaka kusema, hata kiwe nini. Lori haliondoki mpaka kesho saa kumi na mbili.

Mama yako,
Bernadeta